Hatua Kumi na Mbili

Nilivuka mpaka kwa gari la kuazima,
nikarudi na katoni mbili chini ya blanketi:
bei nusu, mlio maradufu.
Muuzaji hakuniuliza kitu. Nami sikumuuliza.

Saa sita kasoro dakika nne, Leeuwarden.
Mfereji umeganda, mtaa mzima uko nje,
maandazi ya zabibu yanafuka mvuke kwenye sinia.
Fenna, mtoto wa dada yangu, yuko mlangoni,
hatua kumi na mbili
(nilikwenda kuzihesabu kulipokucha),
kavaa soksi za baba yake, ana sukari kidevuni.
Hakushika kiberiti.
Alikuwa anatazama tu.

Fataki ililala ubavu,
ikakohoa mara moja,
ikabadili nia.

Macho hayana pazia.
Usiku ule ningeyashonea.

"Asilipanguse! Mshikeni mikono!"
Tjitske wa nyumba ya tatu, muuguzi mstaafu,
gauni la kulalia na buti za theluji.
"Msilioshe, msilikandamize, msitie dawa!"
Akachomoa kikombe kipya cha karatasi,
akakikata kwa kisu cha jibini,
akakiweka juu ya jicho, pembeni kwenye mfupa, kisiliguse,
akakibandika kwa gundi iliyobaki ya kufungia zawadi.

Hospitalini benchi lilijaa.
Kila mtu na mkono mmoja usoni,
kama darasa linaloapa kiapo kisichojulikana.

Daktari Hylkema alinichorea kwenye bahasha:
hapa ukuta umepasuka,
hapa damu imetuama mbele ya mboni
mfano wa chai iliyosahauliwa kikombeni.
Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Alishona saa tatu.
Kisha kichwa kiinuliwe kwa mito, damu ishuke yenyewe,
na matone, asubuhi, mchana, jioni, usiku,
ya kuilazimisha mboni ibaki wazi ipumzike.
"Ataona?"
"Niulize tena Machi."

Machi. Fenna anasoma ubao wa herufi:
mstari wa kwanza, wa pili,
wa tatu anaukisia, nasi tunamwachia.
Mboni ile haikurudi kuwa ndogo.
Jua likitoka, mimi ndiye ninayekimbilia mapazia.

Jana, akimenya chungwa, aliniuliza
bila hasira, kama anayeuliza saa:
"Mjomba, ile ya mwisho ilikuwa rangi gani?"

Na mimi, mwenye macho mawili mazima,
nilikuwa nimeinama,
ninakimbia.