Daftari la Dakika

Daktari Rwegoshora alinipa daftari dogo
la jalada la bluu:
"Andika kila siku dakika za mazoezi.
Sukari haitishiki na dua, mzee Lushinge,
inatishika na jasho."

Nilikuwa nimekaa miaka thelathini na mmoja
nyuma ya dirisha la tiketi bandarini,
nikiwapeleka watu Ukerewe na Bukoba,
mimi mwenyewe nisibanduke kitini.

Jumatatu nikakimbia barabara ya Capri Point.
Hatua mia mbili. Watoto wa shule wakanipita wakitembea,
mmoja akanipa pole kama mfiwa.
Mwanangu akatuma mashine kutoka Dar,
mkanda unaokwenda usifike.
Nilipanda, nikashuka, nikaikalia kufunga viatu.
Siku hizi Kabula anaanikia michembe.

Kabula ndiye aliyesema:
"Jembe liko nyuma ya mlango."

Bustani yake iko Luchelele, hatua themanini kutoka majini,
kipande kilichonaswa kati ya mawe mawili makubwa
kama nyama kwenye meno.
Tangu avunjike nyonga hajashika mpini.
Huketi kigodani chini ya mwavuli wenye tundu,
naye ni refa:
"Kunja magoti, usikunje kiuno!
Jembe usilipige, liache lianguke,
uzito ni wake, wewe kazi yako kuliinua.
Na pumua. Unalima, huui nyoka."

Wiki ya kwanza viganja vilitumbuka.
Misuli ikajitambulisha mmoja mmoja
kama ndugu wa mbali msibani:
mimi wa bega,
mimi wa paja,
mimi huku chini ya mbavu, hukuwahi kunitembelea.

Alfajiri ndoo ishirini, mbili mbili,
inzi wa ziwa wakiniingia puani.
Kisha magugu maji: nayakokota ufukweni kwa reki,
mazito kama blanketi lililolowa,
nayarundika yaoze.
Yanayowafungia wavuvi njia
ndiyo yananinenepeshea msusa.

Siku moja, katikati ya tuta la nne,
nikasimama. Moyo ulikuwa unagonga hadi masikioni.
"Kabula, haya yote ulikuwa ukiyafanya peke yako?"
"Tena kabla ya chai," akasema.
"Nikirudi unaniuliza,
umetosheka kupunga upepo?"

Sikuwa na jibu.
Nikachukua ndoo.

Mwezi wa tatu nikapanda mizani ya kliniki.
Kilo sita zimebaki Luchelele,
sijui mche upi umezila.
Daktari akafungua daftari, akasoma kwa sauti:
*Ndoo 22. Matuta manne. Nyanya zimechanua.
Nimegombana na jiwe. Jiwe limeshinda.*
"Dakika ziko wapi, mzee?"
Nikamwekea mezani fungu la mchicha,
mizizi bado ina udongo.

Jana nilipotoka majini kigoda kilikuwa kitupu.
Kabula alikuwa ameketi chini kabisa,
mguu mbovu ameunyoosha mbele,
anang'oa magugu kwa mkono wa kushoto,
anasogea kwa makalio, shibiri kwa shibiri,
midomo imebanwa kwa maumivu
au kwa kuhesabu.
Sikumwambia inuka, sikumwambia pole.
Nilimimina maji taratibu upande wangu wa tuta
nisije nikamharibia mwendo.

Leo nimeandika hivi:

*Alhamisi. Kiboko amepanda usiku,
amekula kabichi kumi na moja, akalalia karoti.
Kabula amecheka mpaka akaishika nyonga.
Tumeanza upya tangu saa kumi na mbili.
Dakika: sijui.
Kabula: nusu tuta.*