Mgongo wa Fahali

Huku kusini mwa Chile tuta la barabarani
huitwa mgongo wa fahali.
Tuliomba fahali mmoja tu.
Barua ya kwanza aliiandika Herminda wa duka la mikate
kwa kalamu iliyokuwa ikikatakata wino,
na manispaa ikajibu baada ya miezi saba:
takwimu hazijatosha.

Takwimu. Tukalizungusha neno hilo mdomoni
kama jiwe ndani ya dengu.

Malori ya magogo hushuka mlimani alfajiri
bila kugusa breki, upepo wake
ukivua kofia za watoto wa shule.
Njia ya miguu hakuna. Kuna mtaro,
kuna michongoma, kuna utepe wa kokoto
upana wa viatu viwili vya mtoto.
Hapo ndipo Baldomero huisukuma baiskeli yake.
Haipandi. Huitembeza
kama mtu anayemtembeza mgonjwa.

Konani kuna kijumba,
kimo cha goti, bati jekundu, mishumaa,
maua ya plastiki yaliyopaushwa na jua
na gurudumu moja lisilo na tairi.
Desturi ya huku: roho hukaa pale ilipodondokea.
Ni ya Nibaldo, miaka kumi na mmoja,
aliyetumwa hamira.
Herminda ndiye aliyemtuma.
Hilo halikuandikwa kwenye barua.

Basi Jumamosi moja usiku hatukungoja tena.
Mmoja alileta saruji iliyobakia banda la nguruwe,
mwingine toroli, Uberlinda chupa ya chai,
na kijana Ancamil, mwanafunzi wa uashi,
akapiga mstari kwa kamba na chokaa.
Tulifanya kazi kwa tochi, tukinong'ona kama wezi,
ila sisi tulikuwa tunaweka.

Jumanne akaja mhandisi na vijana wawili na kompresa.
Mwanamke mdogo, buti mpya.
Akainama, akavuta futi ya chuma,
akapima upana, akapima kimo,
akapima tena.
"Nani kalijenga hili?"
Kimya. Hata mbwa walinyamaza.
"Limezidi sentimita mbili," akasema.
Kisha, kwa sauti ya chini: "Mbili tu."

Lori likatokea, likaona, likakohoa,
likampanda fahali kama mwenye jongo apandavyo ngazi,
polepole kiasi cha sisi kusikia kila tusi la dereva.
Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso.
Ana masharubu. Ana picha ya binti kwenye kioo.

Ng'ombe haelemewi na nunduye,
nilitaka kumwambia yule mhandisi; nikameza.
Alikuwa amekigeukia kijumba.
Alitazama gurudumu, akaandika kitu,
na kompresa haikuwashwa.
Baada ya wiki mbili ikaja rangi ya manjano
na kibao chenye mchoro wa mtu anayetembea,
mtu asiye na uso wala mzigo,
asiyefanana na yeyote wa hapa.

Sijui faili lilisema nini.
Njia ya miguu bado; barua ya nne imeshatumwa.
Lakini jana asubuhi Baldomero alipanda baiskeli,
akayumba, akaapa, akanyonga,
na Herminda, mlangoni, unga viganjani,
akahesabu mizunguko kwa midomo bila sauti
mpaka alipokipita kijumba.