Ungo Mmoja, Bugarika

Hapa kwetu ungo hautazami upande.
Ikweta iko jirani, setilaiti ziko utosini,
basi ungo unalala chali juu ya jiwe
kama unaosubiri mpunga.
Unachopata kwanza ni mvua, majani makavu,
na kinyesi cha makorongo wa Kirumba.
Ndiyo maana kila ungo ninaoufunga
nautoboa tundu moja kitakoni, maji yapite.

Bwana Masatu, mtu wa Ukara, alitaka mpira.
Mkewe, Nsimire, alitaka kwaya za Bukavu,
alikozaliwa, ambako hajarudi tangu mwaka ule.
Mpira unashuka umenyooka.
Kwaya inashuka inazunguka.
"Fundi, ungo ni mmoja," akasema Masatu,
"na hela ndiyo hiyo uliyoiona."

Nikamwita binti yao, Nabintu,
ashike ncha ya kamba ya kuanikia.
Nikatikisa juu na chini: kamba ikaenda
kama nyoka aliyesimama.
Kulia na kushoto: nyoka akalala.
"Haya ndiyo mawimbi ya baba."
Kisha nikaizungusha, vile wanavyoruka shuleni,
tumbo la kamba likachora pipa hewani.
"Na haya ya mama. Si ya wima, si ya mlalo,
yanakuja huku yanacheza."
"Sasa jicho la ungo linaona yapi?"
"Yaliyonyooka. Ya kuzunguka linayaona nusu."

Nusu.
Mama yake alikuwa mlangoni, anachambua dagaa.
Hakuinua kichwa, lakini mkono ulisimama.

Nusu ndiyo aliyoipata miezi minane:
mwimbaji anafungua kinywa, anaganda hapo,
kioo kinajaa chenga,
wimbo unarudi ukiwa umeshafika amina.

Dawa yake ni kibao.
Makoroboi nilizunguka duka kwa duka, hakipo.
Nikaenda kwa shemeji yangu wa kiwanda cha samaki,
akanipa kipande cha ubao wa plastiki, mweupe,
uliokatiwa minofu ya sangara
hadi visu vikauachia makovu.
Nikaukata kwa msumeno, nikaupiga msasa,
bado ulinuka ziwa.
Nabintu akaleta kipimapembe chake cha hesabu:
nyuzi arobaini na tano,
katikati ya wima na mlalo,
mahali anapokaa msuluhishi.
Nikakisokomeza kooni mwa jicho.

Kwaya ikatokea nzima, hadi vifungo vya kanzu.
Nsimire akasema neno la Mashi nisilolijua,
na mpira wa Masatu ukakatika, dakika ya sitini.

Kumbe kibao hakijui upendeleo:
kinachonyoosha yaliyozunguka
ndicho kinachozungusha yaliyonyooka.
Nilichomrudishia mke nilimkata mume.

Usiku ule nilishuka kwenye mawe yale yanayobebana,
tochi mdomoni, najitukana.

Asubuhi nikarudi na jicho la pili, kuukuu,
nikalifunga kando ya la kwanza kwa kipande cha nondo,
maana setilaiti mbili hazikai kiti kimoja.
Moja na kibao, moja bila.
Ungo wenyewe hauchagui: unapokea vyote,
unapepeta, unamwaga kila kimoja pake.
Swichi ndogo, waya mmoja hadi ndani.
Nikapima. Sitini na nane huku. Sabini na moja kule.
Nikafuta jasho, nikajiona mkubwa.

Ndipo Nabintu akauliza, mkono kiunoni:
"Na runinga je? Si ni moja?"

Masatu akacheka, akaishika rimoti
kama aliyepewa kuku mgeni asijue amfunge wapi.
Sikungoja kuona.
Elfu kumi na tano yangu bado nawadai.

Jumapili nilipita njia ya chini.
Upepo wa ziwani ulikuwa ukipanda mlima,
kwaya ikishuka,
na juu ya kwaya, sauti ya mwanamume
asiyejua Mashi, akiimba, akikosea,
hanyamazi.