Kibonyeo

Drili yangu ilianza kazi kwenye meno.
Miaka kumi na minane nimechongea nayo vinywa vya watu
nyuma ya zahanati ya Makadara,
na kitu hiki chembamba kama kalamu
kimeshajua ukaidi wa kila aina.

Sasa, nikishaosha vyombo vya usiku, nachonga tagi:
meli fupi, nene, ya kusukuma na kuvuta meli kubwa Kilindini,
ile aliyoifanyia kazi kaka yangu Nyange
hadi walipoipasua kwa gesi ikauzwa kwa kilo.

Kwanza nilikosea mti.
Nilikwenda Mwembe Tayari nikanunua mvule,
maana mvule ni mti wa heshima, mti wa milango.
Lakini ukijenga moja kwa hamsini
heshima haisaidii kitu.
Vile vitundu, ambavyo mlangoni ni urembo,
kwenye sitaha yangu vilikuwa mashimo:
baharia wa kimo cha njiti ya kiberiti
angevunjika mguu.
Msaji nao una mchanga ndani yake,
ulikula meno ya msumeno kabla ya saa kuisha.
Mkoko leo umenyooka, kesho umegeuza shingo.

Niliokuwa nautafuta ulikuwa umelala kichochoroni,
mlimau wa Bi Zamzamu, umekatwa apate kuongeza ghorofa,
mbuzi wameshamaliza majani.
Nikaomba shina.
"Utapika nini na gogo moja?"
Nikalipaka nta ncha zote mbili,
nikaliweka chini ya kitanda miezi kumi na mmoja
lisikauke kwa pupa likapasuka.
Lilipofunguka
lilikuwa na rangi ya samli iliyoganda,
na nyuzi zake ni za kutafuta kwa miwani.

Msumeno wangu wa umeme ni mdogo,
duara lake halifiki ukubwa wa kisosi,
lakini kidole haukichagui.
Usiusukume mti. Mashine ina namna yake ya kusema:
ikivuma kwa sauti moja, inakula;
ikipiga unyende, unaisonga.
Ukisikia harufu ya limau, punguza kasi.
Ukisikia harufu ya moshi, umechelewa.
Na angalia tokeni kabla hujaanza,
maana stima ikikatika katikati ya ubao
mkato hauungi tena ulipoachia.

Bomba la moshi nililichonga kwa mpingo.
Mutinda wa Magongo alinipa mguu wa twiga
aliyevunjika goti mikononi mwake.
Nilifunga barakoa ya kazini, vumbi la mpingo halina adabu kooni.
Msasa wa mia mbili, wa mia nne, wa elfu moja,
wiki mbili,
mpaka nikaliona dirisha langu ndani ya bomba,
na mimi mwenyewe, kidogo, nimeinama.

Nyange alikuja Ijumaa, baada ya biriani.
Akaiinua kwa ule mkono wenye vidole vitatu.
Sitaha hakuisema. Mataili ya ubavuni,
niliyoyakata moja moja kwenye mpira wa ndara,
hakuyasema.
Akaigeuza kushoto.

"Bomba hili si lake."

Nikamwambia vipimo nilivitoa kwenye picha yake mwenyewe.

"Lake lilikuwa na kibonyeo. Hapa, chini ya mstari mwekundu.
Kamba ilipokatika ilipita hapo kwanza.
Kisha ndiyo ikaja kwangu."

Sikujibu. Maji ya mfereji wa jirani yalikuwa yakijaa ndoo.
Nikavuta droo, nikachagua ncha ya mviringo,
ile ya kutengenezea kibonde cha gego,
nikaifunga, nikashusha kasi hadi mwisho.
Yeye akalishika bomba,
nami nikaugusa ule weusi
nilioung'arisha siku kumi na nne.

Akapima kwa ukucha.

"Bado," akasema.