Barafu ya Jabali Shamsi

Mlima wa Jua wameuita,
na jua lenyewe bado limelala.
Kioo cha gari kimeota mvi.
Muhanna, mtoto wa kaka yangu, anakikwangua
kwa kadi ya benki:
"Shangazi, leo kileleni!"
Mimi na miaka hamsini na sita,
magoti ya Wete, soksi mbili mbili,
viatu vya Ruwi ambavyo muuzaji aliniapia
haviteleziki.

Njia wameipaka rangi juu ya mawe,
manjano, nyeupe, nyekundu.
Usiku maji yamepita juu yake
yakakamatwa yangali safarini.
Kwetu barafu ilikuwa kitu cha senti,
ukwaju mfukoni, unang'ata pembe
ukitoka chuoni, vidole vinanata.
Hii hakuna aliyeiuza.
Imejilaza juu ya jabali, nyembamba, kimya,
na ndani yake kijiti cha mreteni
kimeganda kikiwa kimeinama.

Tunakwenda kama waliobeba mayai.
Mguu mmoja unauliza,
wa pili unangoja jibu.
Kulia kuna korongo; sikutazama.
Mbuzi alitupita, akakanyaga palepale
kama anakanyaga zulia la kwao.

Nikaanguka.
Sitii chumvi: nilianguka kitako,
kama mtu anayekaa kula,
nikasota hadi mzeituni mwitu uliponidaka.
Muhanna akasema pole, kisha akacheka,
kisha akaacha kucheka,
maana aliona nyuma ya mti ule
palikuwa hapana kitu.

"Tunarudi."
"Shangazi, kilele kile pale!"
"Kitakuwepo. Sisi je?"

Chai ya tangawizi tukainywa yote,
chupa ikabaki tupu,
nikavunja kipande cha mlima nikakitia ndani.

Baba yuko Nizwa, amegonga tisini.
Zamani Wete aliuza barafu:
magogo yamelala kwenye gunia na unga wa msumeno,
yeye na baiskeli wakikimbizana na jua
mpaka sokoni, nyuma yao mstari wa matone.
"Biashara yangu," akisema, "inalia njia nzima."

Nikafungua kifuniko mbele yake.
Kilichosalia kilikuwa kadiri ya kungumanga,
kinaelea, kinazunguka polepole.
Akakichota kwa kidole, akakitia mdomoni,
akafumba macho.
Nikangoja neno kubwa.

"Haina harufu ya gunia," akasema.

Kikaisha. Akalamba midomo.
Nje mtu alikuwa anaosha gari,
maji yanapita chini ya mlango wetu
bila haraka, bila kuogopa kushikwa.
"Umeinunua bei gani?"

Nikakunja mkono wa kanzu,
nikamwonyesha kiwiko, ngozi imetoka.
Akakigeuza kwenye mwanga,
kama alivyokuwa akigeuza noti kuukuu za wateja.

"Umepunjwa," akasema.