Namba Kumi na Saba

Kwenye daftari langu yeye ni namba kumi na saba,
dume, rangi ya vumbi, miaka tisa kwa meno yake.
Kwa Vuai Mcha wa Dole yeye ni Kiberenge,
na Kiberenge huitika.
Namba, hata niiite vipi, hageuki.

Utafiti wangu ni wa vidonda vya matandiko.
Punda arobaini na mmoja, futi ya cherehani shingoni mwangu,
nazungusha kifua, nasoma, naandika,
nafunua mgongo nipime palipochunika.
Ishirini tumewavisha mto wa usumba,
ishirini na mmoja gunia lao lile lile.
Vuai kura ilimwangukia gunia. Akanitazama.
"Mwanangu Miza, mto unajua ni bora,
kisha waniachia kidonda
upate kuandika kuwa ni kidonda?"
Nikamwambia ndivyo sayansi inavyokwenda.
Nilisema kwa sauti ndogo.

Wiki ya tano akaletwa chuoni Kizimbani
anatembea kama meza.
Masikio wima, mkia umeinuka kidogo,
taya limefunga, jani moja limening'inia mdomoni,
na pembeni mwa jicho ngozi nyeupe inapanda
kama pazia linalovutwa na mtu aliye ndani.
Daktari Raya hakufungua kitabu.
"Pepopunda," akasema,
na neno lile, nililolijua tangu utotoni
kwa sindano za wajawazito na misumari yenye kutu,
siku hiyo ndipo nilipolisikia lote,
pepo, na punda.
Waliolitunga
walishawahi kusimama pale niliposimama.

Seramu ilikuja na boti ya mchana, ndani ya barafu.
Yaliyobaki ni kazi ya yaya:
banda la giza, magunia madirishani,
pamba masikioni, uji kwa mpira wa puani,
na kimya.
Kufuli likigonga tu, mwili mzima unakaza kama kamba ya kisima.

Kimya, lakini, utakipata wapi?
Trekta tukalizima. Mbuzi wa majaribio tukawahamishia bondeni.
Mwaka wa kwanza wakapita na soksi,
viganja mdomoni, kicheko kimewajaa.
Ikabaki spika ya msikiti, hatua thelathini kutoka bandani.
Hapo hatukuthubutu. Nani aende akaseme
kuna punda mgonjwa, tafadhalini?
Vuai akaenda. Alichosema hajanambia hadi leo.
Alfajiri niliamka na hofu yangu, nikatega sikio,
nikamsikia Ustadh Khatibu kwa koo lake mwenyewe,
bila umeme, sauti ya mtu mmoja inakata umande,
na Kiberenge akatikisa ngozi ya bega tu,
kama anayefukuza nzi.

Siku ya kumi na mbili namwosha kidonda
(upana sita, kina moja na nusu).
Vuai, aliyelala mlangoni juu ya makuti,
aliona kabla yangu: mguu wa nyuma,
uliokuwa gogo, umejikunja.
Kisha ukanipata pajani.

Shukrani ya punda, sote tunajua walivyosema.
Nilikuwa chini kwenye majani makavu, nacheka, machozi yananitoka,
na Vuai, "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi,"
wala hanyanyui mkono kuniinua.

Nimeipima alama kwa futi ile ile:
sentimita tisa kwa saba, rangi ya zambarau mbivu.
Daktari Raya kaikata kwa kalamu nyekundu.
*Si takwimu.*
Kweli.

Kiberenge karudi Dole na mto wa usumba,
kaushona mke wa Vuai kwa kanga ya zamani,
hawakuniomba ruhusa.
Jadweli langu limeharibika. Kumi na saba kuna pengo,
nimeliacha wazi.

Wamebaki ishirini wenye gunia.
Kesho Jumatatu, siku ya kupima.
Nimeweka makumbi kwenye shimo la maji nyuma ya bweni,
yaoze, yapondwe.
Daktari bado sijamwambia.