Kikombe cha Mizizi

Ijumaa, kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti,
Bi Simha ashanipa funguo.
"Kesho si siku yangu," huniambia,
kila juma, mwaka wa kumi na nne huu,
kana kwamba nitasahau.
Duka la dawa, uchochoro wa nyuma ya Mwembe Tayari,
kibao kimebabuka: D WA ZA BANIN.
Herufi iliyoanguka hakuirudisha.
"Mgonjwa hasomi," asema. "Mgonjwa huuliza."

Babuye alitoka Adeni na mzani wa shaba.
Sasa amebaki yeye na mzani.
Wanaume kumi wa kusali nao hawapatikani Mombasa,
ila meli ya watalii ikitia nanga Kilindini.

Mbodze hupitia mlango wa uani.
Hufua Nyali, viganja vyanuka sabuni ya mche.
Ana watoto watano; wa sita alitoka na damu
hata mkunga akamwita Mungu kwa lugha tatu.
Daktari akamwambia: wa saba atakuzika.
Akamwandikia sindano. Sindano zimekwisha,
rudi mwezi ujao.
Mwezi ujao! Tumbo lasoma kalenda ya serikali?
Mimi humfungia vidonge kwa gazeti, kama tambuu.
Mumewe hali tambuu.

Basi siku ile, ukumbini Tononoka,
kaunti imetuita tutoe maoni.
Viti vya plastiki; maji ya chupa, ya wakubwa tu.
Bi Simha akasimama, Kimvita chake kimenyooka kama uzi:
"Nimekuja kuuliza zilipo sindano."
Mzee wa safu ya mbele akamkata kauli:
"Nyinyi Mayahudi mmesalia wangapi hapa?
Mwatufunzaje kutozaa, na nyinyi ndio mnaokwisha?"
Watu wakacheka.
Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Mamangu alikufa akinizalia ndugu," akasema.
"Ndugu naye hakukaa.
Uchache wetu naujua, nauwashia mishumaa kila Ijumaa.
Lakini uchache wangu si deni la tumbo la mtu.
Bibi alinihadithia: hapo kale,
mke wa mwanachuoni mmoja wa kwetu
alizaa pacha kwa uchungu wa kukata nyongo.
Akabadili nguo, akajifunika uso,
akenda barazani kwa mumewe kama mgeni, akauliza:
mwanamke ameamrishwa kuijaza dunia?
Mume asimjue. Akapima sheria, akajibu: la, hakuamrishwa.
Mke akarudi, akachemsha mizizi,
akanywa kikombe kizima.
Mume alipojua, alilia.
Alilia, ndiyo. Lakini jibu alikwisha kulitoa."

Kimya. Feni ya dari tu, kwi, kwi.
Kisha kutoka nyuma, Bi Mwanamize muuza mahamri:
"Mizizi gani hiyo? Tutajie jina tuandike!"
Hapo tukacheka sote, hata mzee.

Sindano hazikuja mwezi ule.
Zilikuja nusu, baada ya mfungo, na sanduku moja limelowa.

Na Ijumaa moja, usiku umeshaingia,
Mbodze akapiga mlango wa uani kwa ngumi.
Mumewe amekuta gazeti. Amelikunjua.
Vidonge vya mwezi mzima, chooni.
Kisha akamlaza.
Nikasimama na funguo mkononi, nikitazama ngazi za juu,
dirisha lenye mishumaa miwili.
Sikumwita. Alishuka mwenyewe, miguu mitupu.
"Roho ikiwa ukingoni," akasema, "Sabato husogea kando."
Akampa kidonge, akamshikia gilasi,
akangoja mpaka koo lishuke.

Nikamsogezea daftari na kalamu.
Akakunja mikono kifuani.
"Andika wewe. Kwa hilo hakuna atakayekufa."

Basi daftari la duka lina kurasa zenye mwandiko wangu,
mbaya, wa kuinamia kulia,
zote za usiku wa Ijumaa.
Majina sikuandika. Nimeandika:
mizizi, kikombe kimoja.